Neno la Fedha Kwenye Chupa za Dawa

Ninyi vijana mnaouza kwenye maduka ya dawa hapa mjini mnaniamkia vizuri. Shikamoo bibi, karibu bibi, kaa hapo kwenye benchi bibi. Kisha mnanyoosha mkono rafuni, mnachukua boksi kwa rangi yake, mnanipa. Sijamwona hata mmoja wenu akisoma jina la dawa mpaka herufi ya mwisho. La kijani la tumbo, jekundu la presha, basi. Siwalaumu. Siku hizi maboksi yana rangi, na kama hamjui kitu mnabonyeza simu. Lakini mimi niligawa dawa kwa zaidi ya miaka thelathini, na kosa langu kubwa kuliko yote lilitokana na kusoma nusu ya neno moja. Nitawaeleza lilivyokuwa, kisha muendelee na rangi zenu mkitaka.

Kituo chenyewe msikitafute. Kilikuwa kituo kidogo cha afya, njia ya kwenda Sigino, na siku hizi majengo yale yanawekwa mahindi. Nilifika pale nikiwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, nimetoka kwetu milimani Mbulu na cheti cha mafunzo ya miezi michache na gauni mbili. Aliyekuwa mtunza dawa ni Mzee Akonaay, mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa amejifunza kazi zamani sana, wakati dawa zilipokuwa zinasagwa na kuchanganywa, si kuhesabiwa. Hakuwa mkali kwa mdomo. Alikuwa anakuangalia tu juu ya ile miwani mpaka wewe mwenyewe ukumbuke ulichokosea.

Wakati ule ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na wazazi wenu wakisema "wakati wa shida" ndio huo. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, kanga kwa foleni, na mara nyingi foleni inafika mwisho kabla wewe hujafika mwanzo. Hospitali na vituo havikupona. Chupa za dawa hatukuwa nazo, kwa hiyo mgonjwa alikuja na chupa yake. Kabla ya kuichemsha tulikuwa tunainusa, hiyo ndiyo sheria ya kwanza Mzee aliyonifundisha. Wengi walileta za mafuta ya taa. Siku moja baba mmoja alileta chupa, Mzee akainusa, akanipa na mimi, ilikuwa ya gongo. Akasema hiyo isichemshwe, imeshajisafisha yenyewe. Lebo tuliandika nyuma ya kalenda za zamani, tukabandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Mende waliupenda uji ule. Ukichelewa kugawa dawa unakuta lebo imeliwa, na dawa isiyo na lebo ilikuwa inamwagwa hata kama unaijua kama unavyomjua mama yako. Hiyo ilikuwa sheria ya pili.

Katika hali hiyo ndipo yalipoanza kuja maboksi ya msaada kutoka ng'ambo. Yalifika juu ya lori kutoka Arusha, yamejaa vumbi la njiani, na ndani yake mlikuwa na kila kitu ambacho mtu wa ng'ambo amekikuta kabatini kwake. Boksi la kwanza tulilofungua, nusu yake ilikuwa vidonge vya kupunguza unene. Mzee alisoma maelezo, akacheka mpaka akaketi. Watu wa Mutuka, kijiji cha jirani, walikuwa wanakula unga wa njano wa msaada, na wenyewe kwa kupimiwa, halafu sisi tumeletewa dawa ya kumzuia mtu asile.

Tabu ilikuwa lugha. Lebo zilikuwa za lugha tusizozijua, hata Kiingereza kilikuwa bahati. Ila Mzee alikuwa na njia yake. Alisema majina ya dawa, hata yaandikwe na nani, mengi yamejengwa kwa maneno ya Kigiriki na Kilatini, na maneno hayo yana vifundo kama muwa. Ukijua yalipo maungio, unakata, unatafuna pingili moja moja. Derma ni ngozi. Haima ni damu. Kigiriki alikitamka kwa koo la Kiiraqw, na mpaka leo sijui Wagiriki wenyewe wanakitamkaje, lakini njia ile ilifanya kazi. Mimi niliipenda kama mchezo. Kila neno jipya nililipachika kichwani, nikajiona nimekwisha kuwa mtu wa dawa. Mojawapo lilikuwa argyros. Fedha. Si fedha za kununulia, fedha yenyewe, ile ya pete na vikombe vya altare.

Sasa fedha tulikuwa tunaihitaji. Mtoto akizaliwa siku zile tulikuwa tunamdondoshea tone moja kila jicho, maji ya silva naitreti, yaani chumvi ya fedha, ili kama mama alikuwa na kisonono mtoto asipofuke. Chupa yetu ilikuwa imekwisha wiki mbili kabla, na Nesi Apolonia, mkunga wetu, alikuwa ananiuliza kila asubuhi.

Siku hiyo Mzee alikuwa ameomba ruhusa ya asubuhi kwenda msibani. Nesi Apolonia akaja dirishani akasema amezalisha mama mmoja kutoka Mutuka, mtoto wa kiume, na mama ana dalili za ule ugonjwa. Matone yapo au hayapo? Nikasema ngoja nitafute. Nikaingia kwenye boksi ambalo lilikuwa bado halijapangwa, nikatoa chupa za kahawia moja moja, na katika moja nikasoma neno refu, na ndani yake, katikati, nikaliona: argyr. Moyo wangu ulifurahi. Nikafungua, unga mweupe. Silva naitreti ni nyeupe. Chupa ya kahawia, kwa sababu fedha haitaki mwanga. Kila kitu kilikubaliana. Nikapima gramu moja, nikayeyusha kwenye mililita mia za maji ya mvua tuliyoyachemsha na kuyachuja, nikatia kwenye kichupa, nikaandika lebo kwa mwandiko wangu mzuri, nikapeleka mwenyewe leba. Nilirudi natembea kama mtu aliyefaulu mtihani.

Mzee alirudi kabla ya saa sita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akavua koti, akaniuliza nimefanya nini. Nikamweleza kwa majivuno. Alisema, "Nionyeshe vidole."

Nikanyoosha mikono. Ilikuwa safi. Mimi nilidhani anakagua usafi, na nilikuwa nimenawa kwa kile kipande cha sabuni tulichokuwa tunakifungia kabatini. Akaishika mikono, akaigeuza juu na chini, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Umepima fedha, umeyeyusha fedha, umechuja fedha," akasema. "Kwa nini vidole si vyeusi?"

Nikaivuta mikono yangu, nikaitazama mwenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kushika silva naitreti anajua: tone likikugusa huoni kitu, ni kama maji, lakini baada ya muda mwangani panakuwa kahawia, kisha peusi, na hata usugue kwa mchanga hapatoki mpaka ngozi ijibadilishe. Mzee vidole vyake vilikuwa na mabaka hayo kila mara. Akachukua kijiko cha chumvi ya jikoni, akakoroga kwenye glasi ya maji, akadondoshea yale maji niliyobakiza. Fedha ikikutana na maji ya chumvi inafanya wingu jeupe, kama maziwa. Glasi ilibaki angavu. Ndipo akaichukua ile chupa kubwa akasoma lebo, mara moja tu.

"Iko wapi?"

Nikamwambia leba. Alikuwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, na bado alinitangulia.

Tulipoingia, Nesi Apolonia alikuwa ameketi na mtoto mapajani, kichupa kiko wazi kwenye sinia, kidondoshi ndani yake. Alikuwa amechelewa kwa sababu mama wa mtoto alikuwa ameomba amnyonyeshe kwanza, alale kidogo, ndipo asumbuliwe. Basi, ndicho kilichomwokoa mtoto yule, si elimu yangu wala ya mtu mwingine. Mzee alichukua kichupa, akakitia mfukoni, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba hiyo imeharibika, watumie mafuta ya antibiotiki ya macho yaliyobaki kwenye tyubu ya akiba. Mama hakujua kitu. Mtoto yule sasa ni baba wa watoto, ana duka la vifaa vya baiskeli. Huwa ananisalimia kutoka ng'ambo ya barabara, macho yake yanaona mbali sana.

Tuliporudi stoo Mzee aliweka chupa mezani mbele yangu akanitaka nisome kwa sauti. Neno lilikuwa hydrargyrum.

"Umesoma mkia wa neno," akasema. "Kichwa umekiacha wapi?"

Hydr ni maji. Nilikuwa naijua hydr, ndilo jambo linaloniuma mpaka leo. Maji na fedha: fedha-maji. Wagiriki walipoiona zebaki ikitiririka na kung'aa kama fedha iliyoyeyuka, waliiita hivyo, na mpaka sasa mkienda kwenye chati ya elementi shuleni mtakuta zebaki imeandikwa Hg, ambayo ni herufi za neno hilohilo. Fedha haimo ndani yake hata chembe. Na kile nilichoyeyusha kilikuwa chumvi ya zebaki, aina ambayo watu wa zamani waliosha nayo vyombo vya upasuaji na kuulia kunguni. Kwa nguvu ile niliyoitengeneza, macho ya mtoto yangeungua.

Mzee alinipeleka mwenyewe kwa mganga mkuu wa kituo, akaeleza yote, na yeye akajitaja kwamba aliacha boksi halijapangwa. Niliondolewa dirishani mwezi mmoja, nikawa naosha chupa. Chupa ya zebaki ikaingia kabati la sumu. Na jioni ya siku ileile Mzee akanipa kitabu chake kikubwa cha maneno ya tiba, kile ambacho hakikuwa na jalada, akaniambia nitafute kila neno lenye argyr ndani yake, mbele, katikati au nyuma, niliandike kwenye daftari pamoja na maana yake.

Nililifanya zoezi lile kwa hasira. Siku zile karatasi ilikuwa mali, nikaandika kwa herufi ndogo kama sisimizi. Lithargyrum: lithos ni jiwe, kwa hiyo jiwe la fedha, lakini si fedha, ni unga wa madini ya risasi, ambao watu wa kale waliupata wakati wanayeyusha mawe ili watoe fedha. Hydrargyria: ugonjwa wa zebaki, ufizi kuoza, mikono kutetemeka. Argyrophil: yenye kupenda fedha, yaani chembe za mwili ambazo ukizilowesha kwenye dawa ya fedha zinainywa na kuwa nyeusi, ndipo mtu wa hadubini anaziona. Na neno moja fupi ambalo nusura niliruke kwa sababu nilikuwa na usingizi. Argyria: ngozi ya mtu kugeuka rangi ya jivu au buluu kwa sababu ya kutumia dawa za fedha kwa muda mrefu. Haina maumivu. Haina tiba. Nikaandika, nikafunga daftari.

Mzee alipokagua aliniuliza kama nimeona pia argentum. Nikasema nimeona, lakini hilo si Kigiriki. Akasema ni kweli, hilo ni la Kilatini, lakini ni mtu yuleyule. "Wewe kanisani ni Theresia. Nyumbani kwenu wanakuitaje? Sasa anayekutafuta kwa jina moja asikwambie hakukupata."

Nimewaeleza habari ya daftari kwa sababu ya mtu mmoja wa Nakwa. Jina lake Fabiani, seremala, sisi tulikuwa tunamwita Baba Neema. Alikuwa Mwiraqw wa kwetu juu, lakini ujana wake wote aliumalizia Tanga kwenye mashamba ya mkonge, akitengeneza madirisha na samani za kampuni. Huko akaoa mwanamke wa Singida, wakapata binti mmoja, Neema, na mambo ya mkonge yalipoanza kuharibika wakarudi Babati, akajenga Nakwa karibu na dada zake.

Alikuja kituoni miezi kama sita baada ya kosa langu. Uso wake ulikuwa na rangi ambayo siwezi kuifananisha vizuri. Weusi wa kawaida ulikuwa umeondoka, ukabaki ujivu wenye buluu ndani yake, kama risasi ya penseli. Ufizi hivyohivyo. Weupe wa macho hivyohivyo. Watu kwenye benchi walisogea kumpisha, na hawakusogea kwa heshima. Tabibu wetu alifanya alichofundishwa, kwamba mtu akiwa na rangi ya buluu tafuta moyo na mapafu. Akampima, hakusikia kibaya, lakini akaogopa, akamwandikia apumzike, asiinue mbao, arudi kila mwezi. Baba Neema akafunga karakana. Mwezi wa pili hivyo, wa tatu hivyo. Rangi haikubadilika, na nyumbani chakula kikaanza kupungua.

Haya mengine alinieleza mkewe, Mama Neema, siku alipokuja peke yake kumchukulia dawa za kuongeza damu. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, anaongea akitazama chini. Nilimwuliza mgonjwa anakula vizuri, akasema yeye hajui, kwa sababu hampikii tena. Wifi zake ndio wanapika. Walikuwa wamesema rangi ile si ugonjwa, ni kitu amelishwa, na anayemlisha mtu ni nani kama si mkewe, tena mtu wa kuja, asiyejulikana kwao. Alikuwa amehamishiwa jikoni yeye na binti, na chakula alichopika hakuna mtu wa ukoo aliyekigusa. Jumapili ya pili kungekuwa na kikao, na alijua kitaamua nini. Angerudishwa Singida, na Neema abaki.

"Na Baba Neema mwenyewe anasemaje?" nikamwuliza.

Akafunga vidonge kwenye pembe ya kanga. "Anasema hajui. Angeniambia hapana, si wewe, ningemshukuru. Anasema hajui."

Nikamwambia safari nyingine waje wote wawili, kabla ya kikao. Wakaja Jumatano. Nilipompa Baba Neema karatasi yake asaini kwa kidole nikaiona mikono. Kucha zilikuwa za buluu chini kabisa, pale penye kimwezi cha ukucha. Lakini mtu huyu alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Nakwa, kwenye jua, na hahemi. Mtu mwenye moyo mbovu wa kumfanya buluu hawezi kutembea hivyo. Nikamwomba akunje shati. Kuanzia juu ya kiwiko rangi ilikuwa inapungua, na begani alikuwa karibu mtu wa kawaida. Jua lilipompiga ndipo alipokuwa mweusi wa kijivu, na shati lilipomfunika ndipo alipopona.

Nikamwita Mzee. Akatazama, naye akamwuliza anatumia dawa gani. Baba Neema akasema hatumii dawa yoyote, ni hizi za damu tu.

Vijana, shikeni hili. Mtu hakudanganyi akisema hatumii dawa. Kitu anachokitumia kila siku kinaacha kuwa dawa, kinakuwa kama chumvi. Usimwulize dawa. Mwulize tangu anaamka mpaka analala anatia nini mdomoni, puani, machoni, kwenye ngozi. Nilimwuliza hivyo, na yeye kabla hajajibu mkewe akasema, "Ile ya pua."

Ilikuwa hivi. Kule mkonge vumbi la mbao lilimpa mafua yasiyoisha, na mgawa dawa wa kampuni akampa matone ya kahawia ya kutia puani. Yakamsaidia. Alipokuwa anaondoka akaomba, akapewa chupa nzima kubwa, ya lita kadhaa, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anaitumia. Tangu Tanga mpaka siku ile, mwaka baada ya mwaka, asubuhi na jioni, alikuwa anadondosha na mengine anayameza. Leso zake zote zilikuwa na madoa meusi yasiyotoka, Mama Neema alikuwa amekata tamaa kuyafua.

Kesho yake akaleta chupa kwenye kikapu. Lebo ilikuwa imechanika lakini maneno yalisomeka. Safari hii nilisoma kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, nikarudia, nikarudia tena. Argentum proteinicum. Argyr haikuwepo. Lakini nilikwisha kuambiwa habari ya mtu mwenye majina mawili. Nikaenda kuchukua daftari, nikamfungulia Mzee ukurasa wenye neno argyria. Hakusema umefanya vizuri. Alivua miwani, akaifuta, akamwambia Baba Neema asitie tone jingine hata moja, na kwamba Jumapili sisi wawili tutakuja Nakwa.

Kikao kilikuwa uani, baada ya misa. Wanaume walikuwa wachache; waliokuwa na neno ni dada wawili wa Fabiani, na hasa mkubwa, Magdalena, mjane, mama wa makamo aliyekuwa amewalea wadogo zake wote baada ya wazazi kufa. Naomba msimchukie. Alikuwa anamwona ndugu yake akigeuka maiti mbele ya macho yake na hakuna hospitali iliyompa sababu. Mtu anayekosa sababu hujitengenezea moja.

Mzee alieleza. Alisema ndugu yenu hana moyo mbovu, hajalishwa kitu na mtu. Amejitia fedha puani kwa miaka mingi, fedha imeingia mwilini ikalala chini ya ngozi, na fedha ikipigwa na jua inakuwa nyeusi. Akamwomba Baba Neema avue shati, na pale uani wote wakaona kifua cha mtu mzima wa afya, chini ya shingo ya kijivu. Wakanong'ona. Magdalena akasema maneno ni rahisi, na watu wa hospitali wanajua kuongea. Fedha inang'aa, kila mtu anajua, itakuwaje nyeusi?

Mzee alikuwa amekuja na kichupa mfukoni. Tulikuwa tumeletewa silva naitreti ya kweli mwezi ule, na ile niliipima kwa maji ya chumvi kabla sijaiweka rafuni. Akasema anayetaka kuona anyooshe mkono. Mimi nikanyoosha wangu.

"Si wako," Magdalena akasema. "Weka kwangu."

Mzee alidondosha tone moja nyuma ya mkono wake wa kulia. Lilikuwa kama maji, na wote waliinama kuangalia wakaona maji. Akamwambia auweke juani na asiupanguse. Kikao kikaendelea. Waliulizana habari za mahari, za binti, nani alisema nini. Magdalena hakuchangia. Alikuwa ameketi na mkono juu ya goti, anautazama. Baada ya muda palikuwa na kivuli cha rangi ya chai, kisha kahawia, kisha peusi kama pameungua. Akatema mate akasugua. Akaomba majivu, akasugua. Akasugua kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi ikawa nyekundu pembeni, na doa likabaki pale pale.

Akaniuliza mimi, si Mzee, labda kwa sababu mimi ni mwanamke, kama doa hilo litatoka.

"La kwako liko juu ya ngozi, mama," nikamjibu. "Wiki mbili litatoka. La kwake liko ndani. Halitatoka."

"Kwa hiyo atabaki hivi."

"Atabaki hivi. Lakini haumwi. Kesho anaweza kufungua karakana."

Baba Neema alikuwa bado ameshika shati mkononi. Alianza kumwambia mkewe kitu, akashindwa, akavaa shati akakosea vifungo. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na rangi yake ileile, na mtu mgeni akishtuka yeye mwenyewe humwambia kwamba ni fedha, ila haiuziki. Lakini siku ile hakuwa na mzaha. Alitazama chini, na Mama Neema naye alitazama chini, kila mmoja upande wake, na mimi niliona kwamba kuna jambo kati yao ambalo hakuna daftari litakalolimaliza.

Aliyeinuka ni Magdalena. Alitembea mpaka mlango wa jikoni, pale wifi yake alipokuwa amesimama na binti, akamwuliza kama kuna chakula. Mama Neema akasema kipo, ni kidogo, ugali na mboga za majani, amejipikia yeye na mtoto. Magdalena akasema kiletwe hapa uani, kwa watu.

Kikaletwa. Sahani ikawekwa katikati, na hakuna aliyesogea. Akanawa mikono, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mkono ule wenye doa, akamega tonge, akachovya, akala. Alitafuna taratibu mpaka akameza. Kisha akamsogezea ndugu yake sahani, akamwambia ale, chakula kinapoa.